Hodi ya Tatu

Usingizi unanichukua saa nane mchana, juu ya mkeka, nyuma ya mlango wa mbele, mahali pekee nyumbani kwangu panapopita upepo. Nimekula wali na pweza, nimeshiba, na nimejiambia nitalala robo saa tu kisha niende gatini nipande boti ya saa kumi, nivuke kisiwani kwa mama mkubwa. Hivi ndivyo ninavyojiambia tangu Jumatatu. Nje wageni wanaburuza masanduku juu ya mawe, magurudumu krr krr krr, kwani Mjini siku hizi kila nyumba ya pili ni hoteli, na mimi sina mdomo wa kulalamika, hao ndio wanaonilisha. Miaka kumi na tano nawatembeza, mimi Raya binti Vuai, na mwavuli wangu mwekundu juu ili wasipotee. Mama mkubwa, Bi Mize, dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea, na keshokutwa anakwenda Hija. Anayekwenda Hija hupita mlango kwa mlango kuomba radhi, na nimesikia kisiwa kizima ameshakimaliza, hata yule muuza mkaa aliyemtukana. Kwangu hajaja, wala simtegemei. Wa kuomba ni mimi, na huu mwaka wa pili sijaomba.

Krr krr inakuwa injini, injini inakuwa boti, boti inagota mchangani na mimi nashuka na viatu mkononi. Kisiwa kiko kijani vilevile, mipera, midalasini, michaichai pembeni mwa njia, na kimya mpaka nasikia tumbo langu likisaga pweza. Njiani ananingoja mtembeza wageni. Ameinua mwavuli mwekundu, wangu huohuo, wenye ubavu uliovunjika, na uso hana, pale penye uso ni laini kama kitako cha sahani. Ananiambia nisiachane na kundi. Namwambia kundi gani, mimi ni mwenyeji hapa, hii njia naijua nikiwa nimefumba macho. Anasema basi fumba. Nafumba, nafumbua, tuko palepale, mperani palepale, kuku yuleyule mwekundu anavuka mara ya tatu. Namuuliza kwa Bi Mize ni mbali. Kwa anayekwenda, anasema, hatua mia. Kwa anayekaribia kwenda, miaka miwili. Ujuvi huo. Namfuata shingo upande, maana mwavuli ni wangu.

Njia inazunguka mpera, inazunguka tena, kisha inaingia mjini. Ndiyo, Mjini nilikotoka, ila umegeuzwa, msikiti wa kushoto uko kulia, namba za milango zinasomeka kinyumenyume, na madirishani wageni wamejazana, wananipiga picha. Najishika kichwa nijifunike, mtandio sina. Nywele wazi, zimelowa mafuta ya nazi, na mafuta yenyewe si yangu, naijua harufu yake. Naona haya. Mwanamume mmoja anasogeza simu karibu na kuniambia nicheke kidogo.

Hapo inanibidi niseme nilichofanya, na nakisema nikitembea, kwa yule asiye na uso, kwani nani mwingine yupo. Nilikwenda kwake kisiwani na wageni kumi na mmoja, waliotaka kuona nyumba ya asili. Mama mkubwa alikuwa amefiwa na mumewe, yumo eda, haonwi na mwanamume asiye maharimu wake. Nilijua. Nilikuwa nimepanga nimuite kwanza, wao wabaki njiani. Lakini nyumba niliyokulia sijapata kuipigia hodi, mtoto wa nyumbani husukuma mlango na kuuliza mmepika nini, na mkono wangu ukasukuma, mdomo ukauliza, nikasahau kwamba nyuma yangu kuna watu. Wakaingia wote hadi uwani. Yeye amekaa kwenye kibao, kichwa wazi, anajitia mafuta. Picha moja ilisambaa mpaka ikamrudia kwenye simu ya jirani. Nilimpelekea doti ya khanga na kilo tano za sukari, vikarudi na boti ileile. Na mimi, badala ya kuvuka mwenyewe, nikanuna. Ati nikanuna! Mtembezaji anauliza kama nimemaliza. Namwambia bado. Anasema basi tumefika.

Mlango wa mama mkubwa. Nageuka, na nyuma yangu wapo wale kumi na mmoja, hawana nyuso, simu mkononi. Nawaambia rudini nyuma, pale kwenye mpera, mgeuze migongo, na asiyetaka aondoke. Wanageuka. Nilikuwa nasubiri wabishe, na kumbe ilikuwa kazi ya maneno machache.

Napiga hodi. Ndani maji yanachotwa kwa kopo, hakuna anayeitikia. Napiga ya pili. Kopo linanyamaza. Ya tatu siitoi. Yeye mwenyewe alinifundisha, hodi ni tatu, ya tatu isipoitikiwa unakwenda zako, husimami mlangoni kwa watu. Nikiibakisha hii moja naweza kusimama hapa hata mwaka, nikijiambia kwamba bado sijakataliwa. Nalia, nasema wazi kwamba nalia. Mtembezaji ananikabidhi mwavuli na kuniuliza, wewe uko upande gani wa mlango? Nje, namwambia, huoni? Anasema, komeo je?

Natazama. Komeo liko upande wangu.

Na hodi inapigwa, mdomo wangu ukiwa umefumba.

Niko juu ya mkeka, shavu lina alama za ukili, na masanduku yanapita nje, krr krr krr. Au ni injini. Harufu ya mafuta ya nazi imejaa chumba, nami mafuta ya nazi sijanunua mwaka huu. Nyuma ya mlango mtu anahema, ni mtu mzima aliyepanda njia yetu na miguu yake mibovu, mtu asiyependa Mjini, anayesema Mjini watu wanatembea wakikukanyaga.

Mwanangu, anasema, hiyo ilikuwa ya tatu. Keshokutwa nasafiri. Nimekuacha wa mwisho kwa sababu wewe ndiye mzito. Nilikurudishia sukari yako, nikakufungia mlango miaka miwili, na wewe ni mtoto tu. Niwie radhi.

Nasikia kandambili zake zikigeuka.

Karibu, nasema, karibu mama mkubwa, usiende, shikamoo, na navuta komeo kwa mikono miwili. Kama bado nimelala, basi nitaamka mlango ukiwa wazi.