Pua Iliyotazama Nyuma

Shemeji zangu walichukua kila kitu kilichobebeka. Walianza na injini za boti zilizokuwa zikingoja kutengenezwa, wakaja kwenye jenereta na mashine ya kuchomelea, wakamalizia na viatu vya kazi vya mume wangu, ambavyo havikumtosha hata mmoja wao. Udongo wa kaburi la Élisée ulikuwa bado mbichi. Kaka yake mkubwa, Gauthier, alisimamia ubebaji akiwa amekunja mikono ya shati, mtu ambaye sijapata kumwona akibeba hata ndoo ya maji. Mimi nilisimama mlangoni na binti yangu Lucie, tukaangalia karakana yetu ya ufukweni ikibaki kuta na misumari.

Kilichobaki uani ni Peugeot 505, kwa sababu haikuweza kutembea na hakuna aliyetaka kuisukuma.

Élisée aliinunua Manono, ilikokuwa imekaa miaka mingi chini ya paa linalovuja. Ni diezeli ya zamani yenye turbo, lakini turbo yake ilikuwa imeliwa na kutu. Akapata nyingine kwenye pikapu iliyopinduka njia ya Nyunzu, kubwa kuliko ile ya kwanza, na hapo matatizo yakaanza, maana chini ya kapo, kifuniko cha injini, hakuna kitu kilichokubali tena kukaa mahali pake. Vipande vya gari la namna hiyo huvikuti dukani. Unavitengeneza, au unaacha. Mume wangu alitengeneza kimoja tu, kisha homa ikamchukua.

Kipande hicho kilikuwa bomba la kuvutia hewa. Sisi tuliliita pua. Alikusanya pistoni kuukuu na sufuria zilizotoboka, akaziyeyusha kwa Ghislain, fundi wa kumimina sufuria sokoni, akalimimina bomba lake kwenye mchanga. Lilitoka jeupe, shingo imepinda vizuri, mdomo umetazama nyuma, upande wa kioo. Siku aliyolifunga alinishika mkono tukacheza pale uani bila muziki, mikono yake ikinuka mafuta. Nilimpenda sana mtu yule, na ninasema hivyo bila aibu.

Basi Gauthier alitaka kuwauzia gari wanunuzi wa vyuma, walikate vipande. Alilisema hilo mbele ya ukoo mzima. Mimi nilimjibu kwamba nitalimaliza mwenyewe. Wakacheka. Miaka yote niliyofanya kazi na Élisée, miye ndiye niliyefungua injini za wavuvi wakati yeye yuko ziwani kuzijaribu, lakini kwao nilikuwa mwanamke aliyeshuka kwenye boti kutoka Baraka, kazi yake kumpa mume spana.

"Mwanamuke wa maboti hawezi kufufua motokari," Gauthier alisema. "Iko maiti, nayo tuizike."

Aliyeamua ni Tantine Marthe, shangazi yao, ambaye katika ukoo ule neno lake halirudishwi. Alisema siku ya kuondoa kilio, matanga yakiisha, gari lipande mlima mpaka kanisani, kwa nguvu ya injini yake lenyewe, likiwa limewabeba wamama wa ukoo. Likifika ni langu na Lucie. Likishindwa ni la Gauthier, afanye atakavyo. Gauthier alikubali haraka haraka, na ile haraka yake ndiyo iliyonitia moto.

Nilianza na katoni za sabuni. Nilizikata, nikazikunja, nikazijaribu chini ya kapo mpaka zikaenea, kisha nikahamishia umbo lake kwenye bati. Pipa la mafuta likawa ngao ya kuzuia joto la turbo. Chuma cha kitanda changu mwenyewe kikawa mguu wa kuishikilia. Tangu hapo nililala chini kwenye mkeka, na sikujuta. Bomba la kurudisha oili lilinisumbua kuliko yote, kwa maana lazima lishuke moja kwa moja; likipanda hata kidogo, oili inagoma na turbo inakufa. Nililitengeneza nikalitupa, nikalitengeneza tena.

Mashine ya kuchomelea walikuwa nayo wao. Kwa hiyo nilibeba vyuma vyangu kichwani kwenye beseni, nimevifunika kitambaa, nikapanda navyo sokoni kwa Ghislain. Njiani mama mmoja alinisimamisha akitaka ndagaa. Nikamfunulia mguu wa turbo, akaenda zake bila kuuliza zaidi. Ghislain, ambaye naye alikuwa na mashine ya kuchomelea, alinipa nafasi kwenye kivuli chake na kunichokoza kutwa nzima, hasa siku nilipomimina kiwiko cha bomba la maji kwenye mchanga wa ufukweni uliokuwa na unyevu, kikatoka na matundu kila mahali. Aliniambia kitafaa kuchujia chai. Nikamwomba mchanga wake mkavu, nikamimina upya, na safari hii kikatoka kizima.

Kila kitu chini ya kapo lile nilikitengeneza mimi, isipokuwa pua. Pua sikuigusa ila kuifuta vumbi. Kila asubuhi niliifuta. Lucie aliwahi kuniambia kwamba vipande vyote ninavipima na kuvipima tena, lakini hiki sikipimi kamwe. Nilimkaripia. Nilimwambia hiki kimepimwa na baba yake.

Injini ilipowaka majirani walikuja kuchungulia juu ya ua. Niliendesha kando ya ziwa, kwenye tambarare, hadi daraja la Lukuga na kurudi. Turbo ilipiga mluzi wake, gari likavuta, nikapita mbele ya nyumba ya Gauthier polepole kwa makusudi, nikapita tena. Ndiyo, nilijivuna. Nilikuwa na haki.

Siku ya kuondoa kilio tulivua nguo nyeusi, tukavaa vitenge vipya. Gauthier aliwapakia wamama kwa mikono yake mwenyewe, akichagua wanene kwanza, wote wakibanana huku Tantine Marthe amekaa mbele karibu nami. Gauthier na wanaume wakafuata kwa pikipiki. Jua lilikuwa kali, na mlima ule haumhurumii mtu.

Tulifika katikati. Mluzi ukapotea, moshi mweusi ukafunika barabara, injini ikakohoa na kuzimika. Nilivuta breki ya mkono. Lucie akaruka kutoka nyuma akaweka jiwe chini ya gurudumu. Nilipogeuka kuangalia chini ya mlima niliona lori la wanunuzi wa vyuma, limeegeshwa, watu wake wamekaa wakingoja. Gauthier alikuwa amekwisha kuwaita kabla hata hatujaondoka nyumbani. Hasira iliyonipanda pale sikuwahi kuijua.

Nilifungua kapo. Mpira unaounganisha pua na turbo ulikuwa umelainika kwa joto, na injini ilipovuta hewa kwa nguvu ulijibana ukawa bapa. Injini ilikuwa imekosa pumzi, basi. Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa pua, nikakiondoa haraka, kwa kuwa uliunguza; njia nzima ulikuwa umevuta hewa ya moto iliyotoka kwenye turbo yenyewe.

Hapo nikaelewa, na moyo ukaniuma. Kwenye boti mdomo wa hewa hugeuzwa nyuma, ili wimbi linalopiga kutoka mbele lisiingie kwenye injini. Kila fundi wa ufukwe wetu hufanya hivyo bila kufikiri. Élisée alitengeneza pua za boti maisha yake yote, na hii nayo aliigeuza nyuma, akiikinga na mawimbi ambayo barabarani hayapo. Nami niliifuta vumbi kila asubuhi bila kuliona hilo.

Nilimwambia Lucie anipe msumeno wa chuma. Gauthier aliuona, akanishika mkono.

"Hiyo njo kazi ya mikono ya ndugu yangu," alisema. "Utakata kitu ya marehemu leo, siku ya kilio yake?"

Watu walikuwa wamejaa barabarani. Siku kama ile marehemu husifiwa tu. Alikuwa baba mwema, fundi hodari, Mkristo. Hakuna anayetaja kosa lake, na mke wake ndiye wa mwisho. Niliutoa mkono wangu kwenye mkono wa shemeji yangu.

"Élisée alikosea," nikasema.

Mama mmoja akaziba mdomo kwa kitenge.

"Alikosea, shemeki. Alitengeneza pua ya boti, na hii haiko boti. Nilimupenda, na alikosea. Kama angekuwa hapa, angeikata yeye mwenyewe."

Nikaanza kukata. Nililia wakati nakata, machozi na chengachenga za alumini vikianguka pamoja kwenye injini, na sikuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Pua ilicheza chini ya msumeno, haikutulia. Ndipo mlango wa mbele ulipofunguka. Tantine Marthe alishuka taratibu, akakunja upindo wa kitenge chake kipya, akaishika pua kwa nguvu ili isitikisike. Niliendelea mpaka shingo ikakatika.

Kipande kilichobaki nilikigeuza kikatazama mbele, penye upepo. Niliufunga ule mpira kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, nikauzungushia mara nyingi na kuukaza kwa meno. Tukangoja injini ipoe. Wamama walianza wimbo wa kanisa kando ya barabara, kwanza kwa sauti ya chini, kisha wakaongeza, kana kwamba kilio kilikuwa kimehamia pale. Halafu wakapanda gari tena, wote, hata wale wanene.

Injini iliwaka. Jiwe likaondolewa. Turbo ikapiga mluzi, na tulipanda mlima ule bila kusita hadi mbele ya mlango wa kanisa.

Gauthier alifika nyuma yetu, akaegesha pikipiki, akazunguka gari lote akilitazama. Alikuwa anatafuta neno, na akalipata.

"Imefika," alisema. "Lakini hii haiko tena motokari ya Élisée. Umeikata."

Alisema kwa sauti, ukoo wote usikie, na ukoo wote ulisikia.

"Ni kweli, shemeki," nikamjibu. "Haiko tena ya Élisée. Njo yangu."

Nikazima injini, nikachomoa ufunguo, nikaingia kanisani kumwombea mume wangu.