Moto Ulipoelekea Ulezi Wetu

Watu waliokuwa wakiwinda panya walichoma nyasi upande wa juu wa shamba letu, kule Pito. Upepo ukageuka, nao wakakimbia.

Ulezi wetu wote ulikuwa shambani, umerundikwa mafungu mawili, ukisubiri kupurwa. Mahindi yalishaharibiwa na jua, kwa hiyo chakula chetu cha mwaka kilikuwa hicho. Mwanangu Edwin alikuwa ameshuka ziwani kutafuta dagaa. Tulibaki wawili, mimi na mkewe, Justa.

Justa alivunja tawi bichi akaanza kuupiga moto. Unapiga hapa, unazuka pale. Nikapiga na mimi mpaka moshi ukatutapisha. Fungu la juu likashika. Ulezi ukiungua, wajukuu zangu, unapasukapasuka kama bisi. Justa akaketi chini, akashika kichwa.

"Mama, tumekwisha. Wanangu nitawapa nini?"

Nikamtegea kitendawili, maana nikiogopa vitendawili ndivyo vinavyonijia.

"Kitendawili."

"Jamani mama, saa hii?"

"Sema tega."

"Haya, tega."

"Chifu anameza mlima mzima, lakini akifika kwenye uwanja mtupu anakufa njaa."

"Si moto huo, unanijia usoni?"

"Basi inuka tuunyime chakula. Shika jembe."

Tukatupa matawi. Tukalizunguka fungu la chini tukilima kama tunavyolima matuta huku kwetu: unakata bonge la nyasi, unalipindua, majani chini, udongo juu. Ardhi ya kiangazi ni tofali. Jembe linaruka, maumivu yanakurudia begani. Goti langu moja halikunjiki vizuri, na umri mnaujua. Mgongo ulisema basi, nikauambia subiri. Justa alilima huku analia, halafu akaacha kulia, kwa sababu pumzi haikutosha kwa vyote viwili.

Moto ukafika kwenye udongo. Ukalamba ukingo, ukatafuta pa kupita. Cheche zikaruka, Justa akazikanyaga kwa ndala. Ukafa upande mmoja, kisha na mwingine.

Fungu moja lilibaki. Halitoshi, nilijua, na Justa alijua. Hata tukila mara moja kwa siku halitatufikisha kwenye mavuno. Lakini nilipolala chali juu ya udongo ule, mwili ulitulia kama mtoto aliyenyonya akashiba. Hofu ilikuwepo, ila haikupata pa kukaa. Kila mahali palikuwa pameshikwa na uchovu. Sijawahi kuchoka vizuri namna ile.

Justa alininywesha maji kwenye kidumu, kwa kuwa vidole vyangu havikuweza kukishika.

"Mama, mbona unacheka?"

"Siwezi kuinuka."

"Hata mimi."

"Basi tulale hapahapa, tuulinde ulezi uliobaki."

Akajilaza kando yangu. Hakuuliza tena wanawe watakula nini. Kabla sijamjibu hilo ambalo hakuuliza, alikuwa anakoroma.