Kiatu cha Kushoto

Marehemu baba alituachia vitu viwili: chumba cha kushonea viatu chenye dirisha moja linalotazama barabara, na mwiko wa kutozungumza na mteja juu ya mguu wake. Akikuletea kiatu kilicholika upande, alisema, msawazishie soli, kipige rangi, mrudishie. Usimwambie anatembea kombo. Hakuna mtu mzima anayependa kuambiwa hivyo, na asiyependa hatarudi na kiatu cha pili. Mwiko huo nimeushika miaka ishirini na moja. Wapo wateja wangu wenye nyonga mbovu hadi unawaonea huruma. Mimi najua, wao hawajui, na tunaagana kwa kucheka.

Mdogo wangu hakupenda gundi wala uzi. Yeye alijaliwa miguu, na kwa miguu hiyo aliajiriwa na kiwanda cha nguo, kukimbilia klabu yao mbio za marathoni, kilomita arobaini na mbili na ushee. Kwenye karatasi za kiwanda ni karani wa stoo, ingawa sidhani kama anajua mlango wa stoo unafungukia wapi. Kazi yake ni kukimbia, basi. Mwaka alipotimiza thelathini na tano, meneja wa klabu, bwana mpole asiyepandisha sauti, alimwita ofisini. Alimwambia kwamba mbio za Desemba lazima azimalize chini ya saa mbili na dakika ishirini na tano, la sivyo nafasi yake atapewa mwingine. Nafasi ya klabu na ya stoo, zote mbili. Hana ufundi mwingine duniani, na watoto wake wawili wako shule.

Mwezi wa tano aliniletea viatu vyake vya mazoezi, kitambaa kimechanika kwenye kidole gumba. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Lakini nilipokigeuza kiatu cha kushoto nikaona kisigino kimelika upande wa nje, kimelika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Cha kulia kilikuwa kizima. Kiatu kimoja kikilika hivyo peke yake, mwenyewe ana mahali panapomuuma na anapakwepa. Nikamtupia jicho. Alikuwa amekaa kwenye benchi langu anakanda goti, akidhani nimeinama sioni.

Nilipaswa kumuuliza. Yeye si mteja, ni tumbo moja nami. Lakini mkono ulishazoea, ukaenda wenyewe kwenye msasa. Nilisawazisha kisigino, nikabandika kipande cha mpira, kisha chini ya soli ya ndani nikapachika ngozi nyembamba, unene wa sarafu, kuuinua mguu kidogo upande ule. Nikamrudishia viatu vyake na kumwambia aache kukimbia kama anayefukuzwa na mbwa.

Wiki mbili baadaye aliingia uso umemchangamka.

"Dada, lile goti limekwisha."

"Goti gani?"

"Lilikuwa linanisumbua kidogo, sikutaka kukutia wasiwasi. Nilishapanga hata kwenda kwa yule mtaalamu wa viungo wa klabu. Sasa niende kufanya nini?"

"Kweli, uende kufanya nini," nikasema.

Kichwa kilinivimba, nisifiche. Nilijiona daktari asiye na koti. Tangu siku hiyo kila baada ya wiki tatu alikuja na viatu nivisafishe, na kila mara nilikuta kisigino kimelika upya, nikasawazisha, nikaongeza ngozi ya pili, halafu ya tatu. Muda wake ulikuwa unashuka. Mwezi wa kumi alikimbia kilomita thelathini na tano za mazoezi, akafika hapa dukani anapumua kama mtu aliyetoka sokoni. Nilimpa maji, nikarudi kwenye cherehani yangu nikiwa na furaha ya kijinga.

Shida ni kwamba kiatu cha mbio kina umri. Ukishakimbia nacho kilomita mia nane, au elfu moja ukikibembeleza, sponji inakufa ndani hata kama nje bado kinapendeza. Vile vyake vilikuwa vimekwisha kabisa. Ukivibonyeza kwa dole havirudi. Zilikuwa zimebaki wiki tano, na hakuna anayeingia kwenye marathoni na viatu ambavyo mguu haujavijua, kwa hiyo tulitakiwa kununua wiki ileile.

Tulikwenda alasiri, baada ya yeye kukimbia, kwa sababu mguu huvimba jioni na huvimba zaidi ukishapita kilomita thelathini. Kiatu kinachokubana asubuhi dukani kitakung'oa kucha barabarani. Muuzaji alikuwa mwanamama aliyevaa miwani shingoni, mkimbiaji wa zamani, na tangu alipoinama kupima nafasi ya dole gumba mbele ya vidole nilijua anaijua kazi yake. Aliweka jozi tatu mbele yetu. Ya kwanza ilikuwa nene, nzito, pana chini. Ya pili ilikuwa ya kati, ya mazoezi ya kila siku. Ya tatu ilikuwa nyepesi kama kipande cha mkate, na ndani ya sponji yake mna kibao kigumu kinachomsukuma mtu mbele.

"Hii ya tatu ndiyo ya siku yenyewe," alisema. "Lakini inataka mwili ulionyooka. Kama una kasoro, haitakusamehe."

Alimpandisha kwenye mashine ya kukimbilia, akamchukua video kutoka nyuma. Kwanza na viatu vya zamani, kisha jozi moja baada ya nyingine. Halafu akatuonyesha kwenye simu, taratibu, bila haraka.

"Ukiwa na vya zamani uko sawa. Ukivaa hivi vyote vitatu unaangukia kushoto. Tazama nyonga yako, kaka. Kuna kitu hapa."

"Ugeni wa viatu tu," mdogo wangu alisema. "Nitavizoea."

Mwanamama hakubishana naye. Aliokota kiatu cha kushoto cha zamani, akakipima kwa macho, akaanza kuingiza mkono ndani. Nikakinyakua.

"Samahani mama, hicho kinanuka mpaka mbinguni," nikasema, nikakitumbukiza kwenye mfuko.

Wote wawili walicheka. Na mimi nilicheka. Nimeirudia saa ile kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara bado ninacheka nao.

Alichukua ya kati kwa mazoezi na ile nyepesi kwa mbio. Nilimwambia aniachie mpaka kesho nikague mishono. Nikatoa soli za ndani, nikapachika ngozi zangu kwenye viatu viwili vya kushoto, nikajipa moyo kwamba nimemaliza. Siku tatu baadaye aliingia, akaweka vipande viwili vya ngozi mezani pangu.

"Dada, wanauza viatu bei ya baiskeli halafu wanasahau takataka ndani. Mguu ulikuwa unateleza, nikajiuliza nina nini. Kumbe hizi hapa."

Kingo zake zilikuwa na alama ya kisu changu. Nilizisukumia kwenye droo.

Mtu atauliza kwa nini sikusema hapo. Nilipiga hesabu. Nikimwambia, atakwenda kwa mtaalamu, mtaalamu atamwambia apumzike miezi minne, na Desemba itapita. Nikinyamaza, labda mguu utavumilia mara moja tu. Wiki nne si nyingi. Ndivyo nilivyojidanganya, na uwongo wenyewe haukuwa hata mzuri, kwa sababu wiki iliyofuata alianza kukanda goti waziwazi, hata mbele za watu, na kusema baridi ya asubuhi siku hizi imezidi.

Siku ya mbio nilifunga chumba, nikasimama kwenye kilomita ya thelathini na tatu na chupa mbili za maji, kama tulivyopatana. Walipita wa kwanza, wakapita wa pili. Saa yangu ilisema bado yuko ndani ya muda. Nilimwona kwa mbali, na hata kabla sijamwona uso niliona bega la kushoto linashuka kila hatua, linashuka na kuchelewa kupanda. Alipofika karibu alipunguza mwendo, akatembea, akasimama. Hakushika chupa.

"Basi," alisema.

Alikaa kwenye ukingo wa barabara. Watu aliokuwa amewaacha nyuma walianza kumpita mmoja mmoja. Alivua kiatu cha kushoto, akanipa soli ikiwa juu.

"Isome. Wewe unazijua soli. Niambie nimekosea wapi."

Kiatu cha wiki tano, na kisigino cha nje kimekwisha hadi sponji nyeupe inaonekana. Nilipitisha dole kwenye kisigino. Halafu nikamwambia yote, tangu kidole gumba cha mwezi wa tano. Nilimwambia mpira, ngozi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kiatu nilichomnyakua yule mwanamama, takataka alizozikuta ndani, na ile miezi minne ya kupumzika niliyoiogopa.

"Zile ngozi zilikuwa zako?"

"Zangu."

"Na mwezi wa tano ulishajua mguu unaniuma."

"Nilijua."

Alihesabu kwa vidole, polepole, akianzia wa tano. Alipofika wa tisa akasimama.

"Ningekuwa nimepona," alisema.

Nilingoja anitukane. Alikaa tu, mguu mmoja na soksi, anawatazama wanaopita. Nilitamani anitukane.

Hospitali walisema nyonga imesagika ndani, na kwamba goti lilikuwa linapiga kelele kwa niaba yake. Kutembea atatembea, ila mbio asahau. Laiti angewahi, daktari alisema, kisha akaona uso wangu akakatisha. Meneja wa klabu alikuja nyumbani mwenyewe, akanywa maji, akasema maneno mazuri kwa sauti yake ileile ya chini, akaondoka na kitambulisho cha kiwanda.

Sasa mdogo wangu anashinda hapa kwangu. Amekaa kwenye kigoda cha baba, mguu wa kushoto ameunyoosha, anajifunza kushona. Mkono wake ni mzito, uzi unamkatikia, naye hasemi sana. Viatu vyake vyepesi vimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilitaka kuvitoa, akaniambia niviache.

Juzi aliingia mwalimu wa shule ya jirani, mteja wangu wa miaka tisa, kaleta viatu vyake vyeusi vya kazini. Kiatu cha kulia kimelika upande wa ndani, kama kawaida yake. Nilinyoosha mkono nikipokee, lakini mdogo wangu alishakishika. Alikigeuza, akakitazama, akamtazama mwenyewe.

"Mwalimu, mguu huu unakuuma tangu lini?"

"Mguu gani? Mimi siumwi."

"Unaumwa. Goti au nyonga. Nenda hospitali wiki hii. Kiatu sisi hatukigusi mpaka uende."

Mwalimu alinigeukia mimi, akingoja nicheke, nimwambie huyu ana utani, tuagane kama siku zote. Nilitazama droo. Mwalimu alichukua viatu vyake, akavirudisha kwenye mfuko wa plastiki, akatoka bila kwaheri. Ni mteja wa sita kutupotea hivyo mwezi huu. Nilimwona kupitia dirishani anavuka barabara, na akivuka anachechemea kidogo, kidogo sana, mguu wa kulia.

"Nimekosea?" mdogo wangu akauliza.

"Hapana," nikasema.

Akachukua sindano, akaanza tena kutafuta tundu la uzi.