Mwaka Alioufuta

...tani moja nukta tisa za mahindi kwa hekta msimu ujao, na sauti haikumtetemeka alipoitaja, itetemeke kwa nini, yeye ndiye mtakwimu wa wizara, mavuno ya miaka thelathini na miwili ameyapanga kwa mkono wake, akaificha kompyuta miaka mitano ya mwisho, akaiambia haya, kisia, nayo ikakisia kama iliyochungulia, "Kwa hiyo tufungue ghala, mahindi ya akiba tuyauze nje?" Mkurugenzi anauliza, na jibu analo kwenye ncha ya ulimi, ndiyo, yatatosha, si mstari huo hapo ukutani unapanda taratibu, safi, hauna hata kona... hauna kona kwa sababu mwaka wa kumi na moja aliufuta, sifuri nukta nne, nani angeiamini, karani kakosea tu, alijiambia hivyo huku anapuliza chai, "Dada, tunakusikiliza," bwana maghala huyo, mpole lakini ana haraka, mwaka wa kumi na moja... si ndipo alipokuwa darasa la tatu, mama anakoroga uji mwepesi mpaka unaona chini ya bakuli, "Kunyweni wanangu, mimi nimeshiba," na shangazi kaja na watoto wanne, wakalala jikoni miezi mitatu, jamani, amesoma mpaka macho yakaomba miwani na hakuwahi kuyaunganisha haya mawili, namba ile alikuwa anaijua kwa tumbo, karani wa watu hakukosea, aliandika alichokiona shambani... basi airudishe, hesabu hii anaiweza hata akiwa usingizini, na akiirudisha mstari hauvunjiki, katikati inabaki ile ile karibu na moja nukta tisa, ila kivuli cha mashaka chini yake kinatanuka, kinashuka mpaka mahali ambapo watu wanalala njaa, si hakika, mara moja katika kumi labda, lakini ghala likiwa tupu hiyo moja inatosha, modeli ile ya kompyuta haikumdanganya, yeye ndiye aliyeiziba jicho, na ajabu haoni aibu, anajiona imara kuliko alipoingia, maana sasa anajua anachokijua na asichokijua, "Enhe?" Mkurugenzi bado anangoja, hata dakika haijaisha, feni inazunguka, bwana maghala anatazama saa, naye anakohoa kidogo, anaketi wima.

"Bosi, akiba isiguswe. Kuna mwaka niliufuta, na haukuwa kosa la karani. Nipeni nafasi niwaonyeshe."