Unga Ulioachwa kwa Maimunah

Kila mwaka masika yalipokaribia, Loice alifagia chumba chake cha Kalerwe mpaka kwenye pembe, akakusanya unga wa ngano na kopo la hamira, akavipeleka kwa jirani yake Maimunah, Mnubi muuza mandazi. Maimunah aliviweka chini ya kitanda, na juma lilipokwisha akavirudisha. Hakuuliza. Mwaka huo unga wa ngano ulikuwa umeadimika Kampala nzima na karai la Maimunah limekaa kavu, lakini hata kijiko hakuchota. Loice alilijua hilo.

Loice alikuwa Myahudi wa vilima vya Mbale, mtu mweusi kama majirani zake, aliyelelewa kwa Taurati. Serikali ya wanajeshi ilikuwa imepiga marufuku dini yao. Ndugu zake wengine walikuwa wamebatizwa, wengine wamesilimu. Binti yake alimfia, kisha mkwewe Oloya, polisi Mwacholi, akapakiwa garini na polisi wenzake, asirudi. Kilichobaki ni mjukuu wake Atim, aliyemwita Jaja, na hilo juma moja la Pasaka yao, la kula bila hamira wala kuiweka ndani, na hadithi yake.

Alimsimulia Atim walipokuwa wakichambua maharage. Ibrahimu aliyeacha kwao kwa kuitwa tu. Wana wa Yakobo walioshuka Misri kwa njaa, na uzao wao uliogeuzwa watumwa. Kisha Musa, na kule kutoka mbio mpaka unga uliokandwa ukabebwa mabegani haujaumuka.

"Wakafika wapi, Jaja?"

"Baharini. Mbele maji, nyuma askari wa Farao."

"Wakavuka?"

"Kesho," alisema Loice. Baba yake naye alikuwa akimbakizia hivyo hivyo, ili alale na hamu.

Asubuhi, kwenye foleni ya bomba, Atim akajigamba kwa wenzake: kwao hawali mkate juma hili, kwa sababu watu wa Jaja waliwatoroka askari.

Mchana Saverio, kijana waliyemjua, akaja. Zamani alitengeneza redio sokoni Kikuubo. Siku hizi alivaa viatu vipya na hakuna aliyethubutu kumuuliza serikali ilimlipa kwa kazi gani. Alivivua mlangoni, asichafue sakafu. Loice aliliona hilo pia.

"Karibu kiti, mwanangu."

"Mama, mtoto yako anaongea kushinda redio." Alicheka peke yake. "Anasema hapa hamkuli mkate. Eti mmetoroka askari. Askari gani hao?"

Kabla Loice hajajibu, Maimunah alisukuma pazia kwa nyonga, sahani mkononi, jasho likimtiririka.

"We Loice! Umeniachia mandazi yako mpaka yapoe? Mimi mtumishi wako?" Akamwona mgeni. "Ee, Saverio! Umenusa mafuta toka Kikuubo?"

"Naulizia hadithi ya Farao, mama Maimunah."

"Farao na Musa? Hata msikitini tunawasoma hao. Utamkamata na imamu?"

Saverio hakucheka. Alimtazama Loice. "Basi kula, mama."

Loice alichukua andazi. Lilikuwa bapa, zito, gumu, na hapo akaelewa. Ulikuwa unga wake. Maimunah alisikia maneno ya bombani, akaukanda kwa hamira ile ile, akautupa kwenye mafuta haujapata muda wa kuumuka. Loice alitafuna, akameza. Tangu azaliwe hakuwahi kula kitu cha hamira juma hilo.

Atim, aliyeketi kando ya bibi yake, alificha mikono nyuma. "Jaja, ulisema..."

"Kula, mwanangu."

"Lakini ulisema hatu..."

Loice alimbana mashavu, akamsukumia kipande kinywani kama anayempa dawa chungu. Hakuwahi kumshika mtoto huyo kwa nguvu. Atim alitafuna, machozi yakimdondokea kifuani.

Saverio naye alikula moja. Alipoinama kuvaa viatu akasema chini chini, "Oloya aliwahi kunitoa lokapu. Leo nimeona mnakula, nitasema hivyo. Lakini safari nyingine hawatanituma mimi. Mtoto asiwe na hadithi, mama."

Alipokwenda, Maimunah alikaa sakafuni kwa kishindo. "Nimeumaliza unga wako, dada. Nisamehe."

Mkono wake ulikuwa umeungua kwa mafuta. Loice aliutia ndani ya beseni la maji, akaushikilia humo muda mrefu.

Jioni Atim alikuja kumwegemea, kama kwamba hakuna kilichotokea mchana.

"Jaja, leo ndiyo ile kesho. Wakavuka?"

Loice alisikia sauti ya baba yake ikiimba sehemu hiyo, akipiga makofi, uso umemng'aa.

"Hawakuvuka," alisema.

"Wote?"

"Wote. Walirudi kwa Farao, wakaendelea na kazi. Imeishia hapo."

Atim alifikiri kidogo. "Basi si nzuri ya kuambia wenzangu."

"Si nzuri," Loice akakubali, akamfuta mafuta mdomoni kwa ncha ya gauni lake la gomesi.