Toa Ukungu Wote, Hope

Katika Idsowe nzima hakuna anayepiga picha kunishinda mimi. Nalisema hilo bila aibu, ingawa picha iliyotoka safi kuliko zote nilizopiga ni ya kidole changu cha gumba, na inayoifuata ni ya ndani ya mfuko wa gauni. Simu yenyewe aliniletea mwanangu Martin, anayeendesha lori huko Madogo, ili nimpigie nikiumwa. Nikawa siumwi. Nikaanza kupiga picha, na hapo ndipo maradhi yaliponiingia, maana maradhi yangu yana jina. Yanaitwa Rebecca.

Rebecca ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Laban, na mashamba yetu ya mpunga yamepakana. Sina ugomvi naye. Ana roho nzuri, na hilo ndilo linalonikera. Mtu ukimwonea wivu, angalau awe mbaya kidogo upate pa kushika.

Mwaka jana alipiga picha ya mto alfajiri, yangeyange wamejipanga ukingoni, na kikundi chetu cha akina mama kikaichagua ikae mbele ya kalenda tunayouza. Kalenda hiyo ilinifuata kila mahali. Nikienda dukani Garsen kununua sukari, Rebecca yuko ukutani. Nikienda kwa muuza nyama, Rebecca yuko juu ya mbuzi. Hata Asli, mwenyekiti wetu, anayeuza maziwa kule Minjila, aliitundika juu ya vibuyu vyake, na kila nikimwambia anipimie, lazima aitazame kwanza.

"Mama Martin, huyu wifi yako ana jicho."

"Ana mawili," nikamjibu. "Mimi pia."

Chini ya picha waliandika kwa herufi nene: Picha imepigwa na Rebecca. Niliyasoma maneno hayo mara nyingi mpaka nikajuta kwa nini wazazi wangu walinipeleka shule. Mwaka huu nikaapa kwamba jina litakalokaa pale ni langu.

Sasa nikueleze habari ya mpunga, kwa sababu bila mpunga hutanielewa. Mpunga ukianza kutia maziwa, punje zikiwa bado laini, ndege huja kama waliotumiwa kadi. Ndipo tunapojenga dungu, lile jukwaa la miti lililoinuka juu ya shamba, na mtu hukaa humo tangu alfajiri akifukuza ndege: anavuta kamba zilizofungwa makopo, anarusha udongo kwa kombeo, anapiga mayowe. Dungu letu liko mpakani, na mimi na Rebecca tunalipanda kwa zamu. Aliye juu analinda mashamba yote mawili. Hatuapishani. Mtu akitazama akaona mwenzake yuko dunguni, anarudi zake kupika uji kwa amani.

Asubuhi hiyo zamu ilikuwa yangu. Nikapanda, nikakaa, nikatazama. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na kule mto unakopinda miti ya mikoma ilikuwa imesimama ndani ya ukungu mpaka kiunoni. Nikajisemea, Rebecca angekuwa hapa angeshaipata hii. Lakini ukiwa dunguni hupati kitu, makopo na kamba vinakuja mbele. Pa kusimama palikuwa kule juu ya tuta, mbali, ng'ambo ya mashamba yote mawili.

Nikawaza, ndege bado wamelala, naenda na kurudi. Nikafunga nyasi kwenye nguzo ya dungu, nikazivika leso yangu nyekundu, na juu yake nikaweka kofia yangu ya ukili. Nilipofika chini nikageuka nikamtazama. Kusema kweli alikaa vizuri kuliko mimi. Mgongo haukumpinda.

Juu ya tuta nikangoja jua, na jua nalo likaringa. Nikapiga, nikatoa kidole, nikapiga tena. Ndege niliwasikia. Siwezi kusema sikuwasikia, walikuwa wengi kama watoto waliofunguliwa shule. Lakini jua ndiyo kwanza lilikuwa linagusa vichwa vya mikoma, nikajiambia: moja tu ya mwisho. Hivyo hivyo ndivyo ninavyojiambia kuhusu mandazi.

Niliporudi, upande wangu ndege walikuwa wameonja. Upande wa Rebecca, ule ulio karibu na maji, walikuwa wamekula wakashiba. Masuke yalisimama matupu. Nikamvua yule mlinzi wangu leso na kofia, nikavaa mimi, nikakaa pale pale alipokuwa, na nikapiga yowe moja kubwa ambalo halikumsaidia mtu. Ndipo mtumbwi wa Rebecca ulipogusa ukingo.

"Wifi! Kuna nini?"

Nikashika koo. Sauti ikatoka kama upepo kwenye chupa. "Wamekuja wengi mno, wifi. Nimepiga kelele tangu alfajiri mpaka sauti imenikauka."

Akaingia shambani mwake akipitisha kiganja juu ya masuke, polepole, kama anayempapasa mgonjwa. Nilingoja anitukane. Ningepata nafuu.

"Pole, wifi," akasema. "Nilikuona tangu nikiwa ng'ambo. Umekaa wima kama askofu. Nikamwambia Laban, dada yako hachezi na kazi."

"Sikushuka hata kujisaidia," nikanong'ona. Hilo sikuulizwa. Nililiongeza mwenyewe.

Tangu siku hiyo nikawa bubu nusu. Kusalimia nikawa nasalimia kwa mkono, kanisani nikawa naimba kwa midomo. Na Rebecca, ambaye mpunga wake ndio ulioliwa, akawa ananiletea tangawizi na kichupa cha asali. "Ukishakunywa usiongee," ananiambia, na ananifunika mabega. Asali ilikuwa nzuri sana. Niliinywa nikimwonea wivu hata kwa hiyo asali, maana nyuki wangu mimi walinihama zamani.

Picha nikaipeleka kwa Hope. Hope ana duka la picha Garsen, karibu na stendi. Anapiga picha za pasipoti na za harusi, na ndiye anayeitengeneza kalenda yetu. Nikamfungulia simu.

"Nyanya, hii ni nini?"

"Mto," nikanong'ona.

"Mto uko wapi?"

"Humo ndani."

Akaitazama tena. Ilikuwa nyeupe kama uji uliomwagika. "Na sauti yako imeenda wapi?"

"Imechukuliwa na ndege. Wewe tengeneza."

Akaihamishia kwenye kompyuta, na mimi nikavuta kiti mpaka magoti yangu yakagusa yake. Upande mmoja wa kioo kulikuwa na mistari, kila mstari una kitufe chake, na Hope anavisogeza kwa kidole kama mtu anayeonja chumvi. Kwanza akarudisha giza mahali pa giza: vivuli vikaingia chini ya miti. Kisha akashika mstari wa ukungu.

"Ukungu haufuti kitu, Nyanya," akasema. "Unafunika tu. Kila kitu kimo humu. Mimi kazi yangu ni kukichokoa."

Akasogeza. Mto ukatoka, kijivu kwanza, kisha ukapata rangi yake ya chai ya maziwa. Mikoma ikapata mashina. Mpunga ukawa kijani, na kule ng'ambo, mahali ambapo kwa macho yangu sikuona kitu ila moshi, wakajitokeza ng'ombe mmoja mmoja, na pembe zao. Nilisahau kidogo kwamba sina sauti. Nikaguna kwa nguvu, halafu nikakohoa kufunika.

Hope akasogeza zaidi, na anga likaota vipele, na kila mkoma ukavaa pete nyeupe. Akarudisha nyuma.

"Ukizidisha, picha inachubuka. Lazima tubakishe kidogo, mtu ajue ni asubuhi."

"Ya Rebecca ulimbakishia?"

"Nilimbakishia."

"Basi yangu toa wote."

"Nyanya..."

"Toa ukungu wote, Hope. Usibakishe hata pa kujificha panzi."

Akacheka. "Sawa. Basi nitaifanya sehemu sehemu. Anga peke yake, maji peke yake, ndiyo isichubuke. Jumamosi akina mama wakija kuchagua, utaiona kwenye TV. Itakuwa moto." Kisha akainama karibu na kioo. "Na huyu ni nani hapa juu? Naona kama kuna mtu amekaa."

Nikatazama. Kwa macho yangu haya, ambayo yana ukungu wao na hakuna kitufe cha kuusogeza, niliona alama ndogo tu juu ya dungu, imesimama wima. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Picha yenyewe imenitolea ushahidi! Nani atasema sikuwa zamu?

"Huyo ni mlinzi."

"Nimtoe?"

"Usimtoe! Huyo ndiye roho ya picha."

Jumamosi nilivaa gauni la kijani na ile leso nyekundu, tukalijaza duka la Hope mimi na wenzangu, tumebanana kwenye mabenchi mbele ya TV kubwa. Rebecca akakaa kando yangu na mkoba wake. "Koo vipi?" akaniuliza. Nikatikisa mkono, hivi hivi.

Picha yake ya mwaka huu ikatangulia. Mbuga ya mafuriko, ukungu mwembamba kama shela ya bibi harusi, mtumbwi mmoja. Wanawake wakavuta pumzi wote pamoja. Nikabana mikono yangu isipige makofi yenyewe.

Kisha ikaja yangu.

"Yuuu!" Asli akaanza. "Hapa ni kwetu kweli? Wallahi naona mpaka nyasi! Na wale ni ng'ombe wetu, yule mwenye pembe moja namjua!"

"Anga hilo!"

"Mama Martin, kumbe ulikuwa unatuficha!"

"Hii ndiyo kalenda," Asli akasema, akapiga paja. "Nani anabisha?"

Hakuna aliyebisha. Nikaliona jina langu, herufi nene, juu ya mbuzi wa muuza nyama. Nikageuka kumtazama Rebecca nione wivu unamkaaje usoni, angalau mara moja katika maisha yangu. Alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

Akavaa miwani, akainuka, akaisogelea TV. "Wifi! Si wewe huyu dunguni?" Hope alikuwa ameirudisha ile rangi nyekundu mpaka inawaka kama pilipili. "Na leso niliyokupa Krismasi! Jamani, mwoneni wifi yangu. Hii ndiyo asubuhi ile aliyokaukiwa na sauti kwa ajili ya mpunga wangu."

"Oooh," wenzangu wakasema, na wawili watatu wakanishika bega.

Nikainamisha kichwa kama mtu asiyependa kusifiwa. "Ni mimi, wifi," nikanong'ona. "Sikutoka."

Asli ni mtu wa kupima maziwa. Kitu kikipungua anajua. "Ngoja kwanza," akasema. "Mama Martin, kama wewe uko pale juu, hii picha amepiga nani?"

Nje, mtu wa bodaboda alikuwa anaita abiria wa Minjila.

"Simu," nikanong'ona. "Niliifunga kwenye mti, huku kwenye tuta. Ikajipiga yenyewe."

"Simu gani? Ile ya kidole?"

"Si ana wivu tu huyu, mwacheni," akasema mwingine nyuma, na sikujua anamsema nani.

Hope, Mungu ambariki, alidhani ananisaidia. "Ngojeni niivute karibu," akasema. "Sehemu hii nimehangaika nayo kuliko zote. Nyanya aliniambia nisibakishe ukungu hata kidogo."

Akavuta. Dungu likaja, likaja, mpaka likajaa TV nzima. Leso ilikuwa leso, ua kwa ua. Shingoni zimetoka nyasi. Chini ya kofia hakuna uso. Na juu ya kofia, wamejipanga bega kwa bega kama wazee wa baraza, ndege wamekaa wanapumzika baada ya kula. Chini yao, upande wa maji, mpunga wa Rebecca ulikuwa mweusi kwa wenzao.

Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akasema, "Kumbe Mama Martin anafuga ndege kichwani!" na duka likapasuka kwa kicheko.

Rebecca hakucheka. Hakuitazama TV tena. Alikuwa ananitazama mimi, miwani mkononi.

"Wifi," akasema taratibu. "Ni wewe huyu?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kunong'ona. Lakini kicheko kile kilinichoma, na lile likofia na ndege wake vilinitia aibu, nikasahau kila kitu, nikasimama.

"Huyo si mimi!"

Sauti ilitoka nzima, ya duara, haina mkwaruzo hata mmoja, mpaka yule wa bodaboda akaacha kuita abiria akachungulia mlangoni. Rebecca akanitazama koo. Kisha akafungua mkoba wake, na kile kichupa cha asali alichokuwa ameshakitoa kwa ajili yangu, akakirudisha ndani.