Dada Getini, Kaka Foleni

Mtoto wako akipata kazi ya getini, mshukuru Mungu, lakini kabla hujapika pilau muulize ni nani wa kwenu atakayepita hapo. Nawaambia akina mama wenzangu mlio hapa London, Hayes, Woolwich, Thornton Heath na kwingineko, wenye watoto kwenye magodauni. Yangu yameshaharibika. Ya kwenu bado.

Mwanangu wa kwanza, Harrison, ana lori. Alikuwa nalo, niseme hivyo, tena la mkopo. Dada yake, Priscilla, alikuwa karani wa geti katika godauni moja kubwa hapa Hayes, si mbali na nyumba yetu, upande ule ndege zinapita chini mpaka vikombe vinalia kabatini. Na godauni hilohilo ndilo lililompa Harrison mizigo. Basi asubuhi mmoja yuko ndani ya kibanda cha geti, mwingine yuko nje barabarani kwenye usukani, na mimi nimewafungia chapati za kikaango kimoja. Watu kanisani walituambia tumebarikiwa.

Sasa mjue kungoja kwa lori kulivyo. Lori likifika halipakii papo hapo, linangoja mlango mmoja wa kupakia uwe tupu. Dereva hawezi kutoka akanyoosha miguu, maana foleni ikisogea naye hayupo, nafasi imekwenda. Choo hakuna. Chupa zinazotupwa kwenye majani kando ya barabara ile nisiseme zina nini. Tena sheria ya hapa inampa dereva saa zake za kazi kwa siku, zikiisha marufuku kuendesha. Zikiliwa na foleni, safari ya pili haipo. Harrison alikuwa akilipwa kwa safari.

Mkataba wao ulikuwa na dawa ya jambo hilo. Ulisema lori likikawia pale zaidi ya saa mbili, godauni lilipe pesa za kungoja. Haki kabisa. Lakini saa hizo zilianza kuhesabiwa pale karani wa geti alipoingiza namba ya lori kwenye kompyuta. Na meneja alikuwa amewaambia makarani, kwa mdomo tu, wala si kwa karatasi, kwamba wasiingize namba yoyote mpaka mlango wa kupakia uwe tupu. Kwa hiyo lori linakuja asubuhi mapema, linakaa barabarani hadi mchana, halafu kompyuta inasema limefika sasa hivi. Mtu amengoja nusu siku, na kwa hesabu yao hajangoja kitu.

Priscilla aliambiwa hivyo siku ya pili tu kazini. Alirudi nyumbani akasukuma sahani. Aliniambia kwa Kiingereza, maana ndivyo anavyonijibu tangu utoto, kwamba anaona haya kufungua kile kidirisha, kwa sababu madereva wanamsalimu vizuri na yeye anawatazama kama hajawaona.

Baba yao aliposikia alicheka. Baba Harrison alikuwa karani bandarini Kilindini, Mombasa, miaka mingi kabla hatujaja huku, na mpaka leo anaamini dunia yote ni Kilindini. Alisema kule lori la mtu mwenye ndugu getini halijawahi kulala nje. Akasema Mungu ametupa mtu ndani, na sisi tumekaa tunamtazama kama picha ya ukutani.

Aliyasema Jumapili, tukila. Nikamwambia huyo mtoto watamtoa kazini.

"Mama Harrison," akasema, "woga wako ungekuwa pesa, tungekuwa na nyumba tatu Nyali."

Wakacheka, hata mimi nikacheka kidogo. Priscilla hakucheka. Alieleza kwamba kompyuta inaonyesha ni karani gani ameingiza namba gani. Baba yake akasema kompyuta haina mdomo. Hapo Harrison, ambaye muda wote alikuwa akila tu, akaweka kijiko chini. Mkopo wa lori ulikuwa umeshamrudisha nyuma, wale wenye mkopo walikuwa wameshaanza kumpigia simu kazini.

"Prisi, mimi sikuambii uibe," akasema. "Nikifika, si nimefika kweli? Andika tu kwamba nimefika."

Ilikuwa kweli. Kijana anafika, aandikwe amefika. Hata mimi na hofu yangu nikakubali, nikaondoa sahani. Wenzangu, hapo ndipo muwe macho. Ubaya ukija umevaa uongo utaujua. Ule ulikuja umevaa ukweli mtupu, ila ukweli wenyewe ulikuwa wa mtu mmoja.

Priscilla akafanya. Kaka yake akifika, anaingizwa saa ileile. Wengine mbele yake na nyuma yake wanaachwa barabarani kama alivyoagiza meneja. Harrison akaanza kulipwa pesa za kungoja, zikalipia mkopo, simu za wale watu zikanyamaza. Akaninunulia koti zito. Nililivaa, nisiwadanganye.

Pale kwenye foleni kulikuwa na mzee mmoja, Avtar, Singasinga wa Nakuru, aliyeendesha malori tangu enzi za barabara ya Malaba. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji, kimejaa grisi na matusi, lakini moyo safi. Alimpenda Harrison kwa sababu ya nyumbani, akamfundisha godauni gani lina watu na lipi lina mbwa. Na Avtar alikuwa amechoka. Aliwakusanya madereva, akawaambia kila mtu akifika apige picha lori lake likiwa mbele ya nguzo ya geti, simu ionyeshe saa. Wazikusanye, waende wote pamoja kwa wakubwa. Mmoja akienda peke yake atanyimwa mizigo, alisema, wakienda wote, watamnyima nani?

Harrison naye akapiga picha, akampelekea. Hakusema kwamba yeye tayari analipwa.

Jumamosi moja Avtar alikuja kwetu kunywa chai. Alitueleza mpango wake wote, na Priscilla alikuwa amekaa pale pale kwenye kochi. Akamgeukia akamwambia asiwe na wasiwasi, yeye hatamwomba kitu, hata karatasi moja, wala hatamtaja.

"Wewe una mkate wako, binti. Vita hii ni ya magurudumu."

Priscilla akainuka akaenda jikoni. Nilimfuata, nikamkuta amefungua bomba la maji, lakini haoshi chochote. Baba yake kule sebuleni anamwongezea mgeni chai, amejaa furaha, anaona tuna mguu pande zote mbili, vita ikishinda tumeshinda, ikishindwa bado tunakula.

Avtar alipoaga, nilimvuta Harrison shati mlangoni nikamwambia amwambie yule mzee ukweli leo, sasa hivi, kabla hajafika kwenye gari lake. Akasema atamwambia kesho. Kesho yake akasema atamwambia baada ya mkutano, maana sasa atawavunja moyo. Nikamwuliza baada ya mkutano atamwambia nini. Akaniambia, Mama, mambo ya malori huyajui. Na kweli siyajui. Ninawajua watu.

Mkutano ulikuwa ofisini kwa meneja. Yaliyotokea nimeyasikia kwa Harrison, na baadaye kwa Avtar mwenyewe, na hayakutofautiana. Makao makuu yalikuwa yamemtuma mama mmoja wa Kizungu kusikiliza, naye alisikiliza hasa. Alizitazama zile picha moja moja. Alimwuliza meneja kwa nini lori liko getini asubuhi na kwenye kompyuta linafika mchana. Meneja akawa anakohoa. Pravin, dereva mwenzao, alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Halafu meneja akageuza kompyuta yake, wote waione. Akasema madereva hawa wote wanaingia vizuri, hakuna anayekawia, isipokuwa mmoja. Huyu mmoja kila akija anangoja sana, na amelipwa. Na kila mara aliyemwingiza ni karani yuleyule, na karani huyo hana dereva mwingine anayengoja, ni huyu tu. Akamwuliza Harrison, yule karani ni nani wako?

Harrison anasema alitazama zulia. Avtar anasema yeye alikuwa bado hajaelewa, alidhani wanamwonea kijana, akamgusa bega amtie nguvu ajibu.

"Ni dada yangu," Harrison akasema.

Yule mama wa makao makuu akazirudisha picha mezani kifudifudi. Kuanzia hapo hakuna aliyezungumza tena habari ya kungoja. Ikawa ni habari ya familia moja kuibia godauni. Picha nazo zikatiwa shaka. Waliosuka mambo na karani, wakasema, watashindwaje kusuka picha? Harrison alijaribu kusema kwamba saa zake yeye ndizo za kweli, na zile za wenzake ndizo za uongo. Nani amsikilize? Mwizi anapoonyesha mwizi mwenzake, watu humtazama yeye mkono.

Nje, kwenye maegesho, Pravin alimwuliza Harrison amekula kiasi gani, na kama chakula kilikuwa kitamu. Mwingine akatema mate. Harrison akamwendea Avtar, akamwapia kwamba hakudanganya, kila siku aliyolipwa alikuwa pale tangu asubuhi, Avtar mwenyewe alimwona.

"Nilikuona," Avtar akamjibu. "Ulikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Wewe wa nyuma ulikuwa umefika, mimi wa mbele nilikuwa bado sijafika. Tena kwa mkono wa dada yako, niliyesema tumlinde."

Hakumtukana, na yule mzee hutukana hata taa za barabarani. Alipanda lori lake akaondoka.

Priscilla alitolewa siku hiyohiyo. Walimvua fulana yake ya kazi ya kung'aa palepale getini, madereva wakiangalia. Alipowaambia kwamba agizo la kutoingiza namba lilitoka kwa meneja, walimwomba karatasi, na karatasi haikuwapo. Makarani wenzake waliulizwa, wakasema hawajawahi kuambiwa kitu kama hicho. Meneja yupo mpaka leo. Na malori yapo, nikipita na basi nayaona yamepanga barabarani yamezima injini, na vichwa vya watu vimeegemea vioo. Hakuna anayelipwa. Avtar alijaribu tena mwaka uliofuata, na jambo la kwanza aliloulizwa ni safari hii jamaa wa nani yuko ndani.

Harrison hakupewa mzigo tena pale, na madereva walimsambazia sifa, kwa hiyo na kwingine hakupata. Wenye mkopo walikuja kulichukua lori asubuhi, mtaa mzima dirishani. Sasa anaendesha gari la mtu la kupeleka mboga.

Mimi haya yote ningeyabeba. Lori ni chuma. Lakini ngojeni mnisikie.

Baba Harrison hakuona kosa. Alisema shida ni kwamba mtu wetu alikuwa chini mno, getini. Tungekuwa na mtu juu, ofisini, mambo yasingeharibika. Akaanza kuwapigia watu simu, yuko mmoja anamjua aliye na jamaa katika godauni lingine, upande wa Uxbridge, wanatafuta makarani. Siku moja akaja na habari njema jikoni, Priscilla akiwa anakunja nguo zake. Akamwambia, nimekupatia mtu.

Priscilla akamjibu kwa Kiswahili. Tangu azaliwe sijamsikia akimjibu baba yake sentensi nzima kwa Kiswahili, na hii aliitoa taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Baba, mimi nataka kazi mahali ambapo hatujui mtu."

Baba yake akasema hizo ni hasira, zitapoa. Harrison alikuwa amesimama mlangoni. Dada yake akampita na begi bila kumgusa, kama unavyopita kando ya fanicha.

Alipanga chumba na msichana mwenzake huko Thornton Heath. Kazi alipata. Ninajua ni kazi ya kuvaa sare, kwa sababu aliwahi kunitembelea kola ikachungulia ndani ya koti, naye akavuta zipu mpaka kidevuni. Nilimwuliza ni wapi. Nilimwuliza kwa upole, mama na mwanawe, chai iko mezani, na baba yake hayupo.

"Nikikwambia wewe, Mama, Baba atajua," akasema. "Baba akijua, Harrison atajua. Halafu atakuwepo mtu wetu anayetaka kupita."

Nikamwapia kwamba sitasema. Akanibusu shavuni, akaondoka.

Wiki iliyopita televisheni ilionyesha moto katika jengo moja la kazi upande wa kusini, hukohuko anakokaa Priscilla, moshi umejaa, wafanyakazi wametolewa nje wamefunikwa mablanketi, na wengine wamepelekwa hospitali. Niliwatazama kola. Nikapiga simu yake, ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Kila mama anayo namba ya kazini kwa mwanawe ya kuuliza, jamani, binti yangu yuko salama? Mimi sikuwa na namba. Sikujua hata niulizie jengo gani. Nilikaa na simu mapajani tangu asubuhi, na Baba Harrison ananiambia nisiwe na woga, woga wangu ungekuwa pesa.

Alipokea jioni. Akasema yeye ni mzima. Hakusema kama alikuwa pale.